YAH: Malalamiko ya kunyimwa mkopo wa nyumba kwa sababu sina mume

Meneja wa Tawi,
Moshi.

Ndugu Meneja,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Jalada langu lilikuwa na kila mlichoagiza: hati miliki ya kiwanja cha Pasua yenye jina langu peke yake, leseni ya biashara yangu ya mitumba Kiboriloni na taarifa za akaunti yangu kwenu. Afisa mikopo hakulifungua. Aliniuliza, foleni ikiwa nyuma yangu, "Mama, mwanaume atakayesaini ni nani?" Nilipomjibu kuwa mimi ni mjane, aliniagiza nimlete shemeji, kwa kuwa ardhi ya Uchagani ni ya ukoo.

Kiwanja hicho si kihamba, yaani ardhi ya kurithi ya ukoo. Nilikinunua mwenyewe, miaka minne baada ya kumzika mume wangu, na shemeji hakuchangia hata shilingi moja. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 kinampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume, na Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumbagua mtu kwa jinsia yake au hali yake ya maisha. Ridhaa ambayo sheria inaitaka katika kuweka rehani nyumba ya ndoa ni ya mume au mke, shemeji hamo.

Nalirudia kwa sababu halinitoki moyoni. Alilisukuma jalada kuelekea kwangu kwa ncha za vidole, akapaza sauti, "Mwanaume atakayesaini ni nani?", na mimi niliyesomesha watoto watatu kwa mitumba nikabaki nimesimama, huku mlinzi wenu akiinamisha macho kwa aibu ambayo haikuwa yake. Na wiki tatu kabla ya hapo ofisi yako ilikuwa imenipigia simu kuwa nimlipe mthamini, nami nikamlipa!

Nilikusudia kudai kuombwa radhi tu. Sasa nataka ombi langu lichambuliwe upya na afisa mwingine, nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14, na nikinyimwa tena, nirudishiwe fedha za mthamini. Radhi niombwe katika ukumbi uleule. Mkikaa kimya, nitapeleka malalamiko haya Benki Kuu ya Tanzania, tawi la Arusha, ambayo kanuni zake za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinawahusu, kisha mahakamani. Wanawake wenzangu wa Kiboriloni wenye akaunti kwenu wameisoma barua hii kabla sijaileta, nao wanasubiri jibu lako.

Mteja wenu,
Kiboriloni, Moshi.