Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Barua, Tarehe na Futi ya Fundi

Wanachama wenzangu,

Hesabu za chama mtazisikia kwa mweka hazina, sitazigusa. Yangu ni kazi yenyewe ya kufuatilia pesa za umma hapa Nairobi, kaunti yenye wadi 85. Kosa letu kubwa ni lile lile la miaka yote: tunafika karamu imekwisha, tunabaki kuhesabu mifupa. Mradi ukizinduliwa ndipo tunapaza sauti, ilhali jina lake liliingizwa kwenye karatasi zaidi ya mwaka mmoja kabla.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Mkakati wa fedha unafuata kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, kisha mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai. Anayekuja Juni na maoni yake atapewa kiti, soda na shukrani. Anayekuja Agosti, mpango ukiwa bado rasimu, anaweza kuuliza kwa nini mtaro ule ule umepangiwa pesa miaka miwili mfululizo.

Sasa barua, maana hapa ndipo tunapoangukia mara nyingi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu. Anaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu. Habari inayogusa uhai au uhuru wa mtu inatakiwa ndani ya saa 48. Kuomba ni bure. Unacholipia ni gharama ya nakala. Barua yaweza kuwa ya Kiswahili, na anayekwambia uirudishe kwa Kiingereza hana sheria ya kuegemea. Sheria hiyo inakitambua hata chombo kinachodhibitiwa na Wakenya kuwa mwananchi, kwa hiyo chama kinaweza kuomba kwa jina lake. Lakini kwa kuwa Kifungu cha 35 cha Katiba kinasema "kila raia", tutazidi kuweka pia jina la mwanachama mmoja na nambari yake ya kitambulisho, tuzibe mwanya mapema.

Barua inayosema "tunaomba habari zote kuhusu barabara yetu" imekufa kabla ya kufika. Taja karatasi kwa majina yake: mkataba uliotiwa saini, hati ya vipimo na bei ambayo mafundi huiita BQ, vyeti vyote vya malipo vilivyotolewa hadi siku hiyo, na ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji. Hiyo ya mwisho msiisahau kamwe. Ndiyo yenye saini za waliosema kazi imekwisha.

Peleka nakala mbili, moja irudi na muhuri wenye tarehe. Bila muhuri huna siku ya kuanzia kuhesabu. Barua iliyopigwa muhuri 3 Machi inafikisha siku 21 tarehe 24 Machi. Kimya, kisheria, ni kukataliwa; kuanzia hapo una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani hadi 23 Aprili. Siku hizi 30 ndizo tunazozichezea, kwa sababu mtu anaona aibu kumshtaki afisa aliyemwambia kwa upole "rudi wiki ijayo". Upole huo ni mbinu. Na ukiambiwa faili imepotea, kumbuka kuwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inataka rekodi za zabuni zitunzwe angalau miaka 6 baada ya mkataba kukamilika.

BQ ikipatikana, shuka barabarani na futi ya mita 30, watu wawili wa kuivuta na wa tatu wa kuandika. Chukua mfano wa barabara ya kabro, yaani matofali ya zege ya kupangwa, ya mita 300 kwa mita 6: hizo ni mita za mraba 1,800. Ukipima ukakuta upana ni mita 5.5, mita za mraba 150 zimelipwa hewani, na kwa macho hakuna ambaye angeona. Unene ndio mgumu zaidi. Kabro ya milimita 60 ni ya watembea kwa miguu na magari mepesi. Panapopita malori huwekwa ya milimita 80. Ikishapangwa zote zinafanana, kwa hiyo pima zikiwa bado kwenye malundo, au kwenye ukingo kabla jiwe la kando halijamwagiwa zege. Piga picha futi ikiwa imeegemezwa kwenye kabro na nambari zikisomeka. Picha ya shimo peke yake haithibitishi chochote.

Angalia pia nyongeza. Kwa kazi za ujenzi, vipimo haviruhusiwi kuongezeka kupita asilimia 20, na nyongeza zote zikijumlishwa zisipandishe bei ya mkataba kupita asilimia 25. Mkataba wa milioni 8 ukifika milioni 11, hapo pana swali.

Kuhusu Mkaguzi Mkuu wa Hesabu: ripoti zake zinatakiwa ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia 31 Desemba. Wengi husoma maoni ya ukurasa wa kwanza, wakiona "safi" wanafunga. Maoni hayo yanahusu uandishi wa hesabu tu. Someni sehemu ya pili, ya uhalali na tija ya matumizi, na ya tatu, ya udhibiti wa ndani. Miradi iliyokwama hutajwa huko.

EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, inachunguza; kushtaki ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Wapelekeeni faili yenye tarehe, kiasi na nakala, wala si hasira. Kwenye makundi ya WhatsApp msiandike "mwizi". Andikeni: "Cheti kinaonyesha kiasi hiki kimelipwa, tumepima, kazi hii haipo." Sentensi ya kwanza itakupeleka mahakamani kwa kashfa, ya pili itampeleka mwingine.

Neno la nyumbani, hata kama litawaudhi baadhi yenu. Kundi la kiraia lina bei kama afisa alivyo na bei, na mara nyingi bei yetu ni ndogo: posho ya kikao, au kazi ya kusambaza mchanga kwa mkandarasi yule yule tunayemkagua. Kamati inapendekeza kila mwanachama ajaze fomu ya kutaja biashara ambazo yeye au mwenzi wake anafanya na kaunti. Mwenye maslahi katika mradi asiende kuupima wala asiguse faili yake. Pendekezo linapigiwa kura leo.

Kikundi cha barua kinakutana Jumamosi ya kwanza ya Agosti kusoma rasimu ya mpango wa maendeleo. Anayekuja alete kitambulisho, kalamu, na kama anayo, futi.

Mwenyekiti