Matthew Lyon alifungwa kwa barua kwa mhariri

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kimya kwa miaka mingi, lakini makala yenu kuhusu wabunge wa mwanzo wa Marekani imenilazimisha kushika kalamu. Mlimmaliza Matthew Lyon wa jimbo la Vermont kwa sentensi mbili: kwamba Januari 1798 alimtemea mate mbunge mwenzake Roger Griswold, na kwamba Februari Griswold akamcharaza fimbo bungeni. Ni kweli, ila hamkusema kilichomchokoza. Griswold alimkebehi kwa upanga wa mbao, yaani kwa aibu ya kufukuzwa jeshini mwaka 1776 baada ya kikosi chake kuacha lindo, ilhali Lyon alirudi kuyatumikia mapinduzi ya Marekani dhidi ya Uingereza mwaka uliofuata.

Kijana mmoja ninayemfundisha historia jioni alinakili makala hiyo, na chini ya jina la Lyon akaandika tu, "Alitema mate." Nilipomuuliza Lyon alifungwa kwa kosa gani, alishangaa kusikia kwamba alifungwa. Alifungwa, Mhariri, kwa barua aliyoliandikia gazeti! Aliiandika Juni 20, 1798, akimshutumu Rais John Adams kwa kupenda makuu na kwa uchu wa mali. Sheria ya Uchochezi, iliyofanya kuikashifu serikali kwa maandishi kuwa kosa la jinai, ilitiwa saini Julai 14, barua ikachapishwa Vermont Julai 31, na Oktoba akahukumiwa kifungo cha miezi minne na faini ya dola 1,000 kwa maneno yaliyoandikwa kabla sheria yenyewe haijakuwepo. Mtu huyu, aliyetoka Ireland akiwa kijana fukara na kulipia nauli yake kwa kutumikishwa, aliwekwa katika gereza la Vergennes, na wapiga kura wakamrudisha bungeni akiwa bado kifungoni. Februari 1801, Bunge lilipokuwa likichagua rais kwa kura moja kwa kila jimbo, baada ya duru 35 zisizotoa mshindi, ndiye aliyempa Thomas Jefferson kura ya Vermont. Faini ilirejeshwa kwa warithi wake mwaka 1840, miaka 18 baada ya kifo chake.

Inaniuma zaidi kwamba haya yameachwa na gazeti ambalo ukurasa wake wa barua umesukumwa hadi chini ya matangazo ya zabuni, na barua zenyewe hukatwa bila mwandishi kuarifiwa.

Naomba mchapishe tarehe za Juni 20, Julai 14 na Julai 31 katika ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, pamoja na hukumu yake. Nafasi ikikosekana, ondoeni ule mchoro wa ugomvi uliochukua nusu ya ukurasa.

Msomaji wenu,
Morogoro