Mkija Marangu Desemba

Moshi, 9 Novemba

Shoga yangu Neema,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Ujumbe wako nimeupata, kwamba Krismasi hii mnapanda Marangu kwa wakwe zako na gari lenu wenyewe, mama yako naye akiwemo. Umeuliza barabara ikoje. Barabara ni lami, haina shida. Kinachowashinda watu ni saa. Kila Desemba wanaokuja "kuhesabiwa" huku, yaani kuonana na ukoo Krismasi, wanaingia kwa wazee saa tatu usiku, watoto wanalia, dereva macho mekundu, na bibi wa watu hajaonja kitu tangu mchana kwa kuwasubiri. Kwa hiyo panga safari kuanzia mwisho: chagua saa ya kuingia uani, halafu hesabu kurudi nyuma.

Mimi ningechagua saa tisa alasiri. Bado kuna mwanga wa kuonana sura, baridi haijashuka, na mvua ikinyesha jioni inakuta gari limeshapumzika. Toka Dar hadi Moshi mjini ni kama kilomita 560, nyie mnakatia Himo kwa hiyo inapungua kidogo. Usihesabu kwa mwendo wa barabara tupu. Ukiweka vijiji vyote vya kilomita 50 kwa saa, matuta na malori, gari la familia linapata wastani wa 60 kwa saa. Hapo ni karibu saa tisa za kuendesha, na saa moja na nusu ya kusimama. Maana yake ni kutoka nyumbani saa kumi alfajiri, mizigo ikiwa imeshapakiwa tangu jana yake. Mkiondoka saa kumi na mbili mmeshaingia kwenye foleni ya asubuhi, na siku nzima mtakuwa nyuma ya saa.

Nyie mnakaa Tegeta, kwa hiyo msirudi kabisa Ubungo. Piteni Bunju, Bagamoyo, halafu ile barabara ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64 za lami. Inawaepusha na malori ya Mlandizi na Chalinze, na inawaingiza kwenye barabara kuu kabla ya daraja la Wami. Baada ya hapo ni Mbwewe, Mkata, Kabuku, Segera. Hapo Segera anayekwenda Tanga anakunja kulia, nyie endeleeni na Korogwe.

Mwambie shemeji asimame Korogwe kabla ya mabasi. Yakifika yanafika pamoja, na foleni ya choo inakuwa ndefu kuliko ya chai. Mkikuta yamejaa, sogeeni hadi Mombo. Jazeni mafuta hapohapo. Hiyo Noah yenu ikiwa na watu saba na mizigo, weka hesabu ya lita moja kwa kilomita tisa au kumi, hivyo tenki moja linaweza kuwafikisha ila kwa kubahatisha, na wiki ya Krismasi si wiki ya kubahatisha. Mshale ukifika nusu, ongezeni.

Kipande cha kuogopa si milima. Ni pale baada ya Mombo: Mkomazi, Hedaru, Makanya hadi Same. Barabara imenyooka, jua linachoma, upepo unapiga gari ubavuni, na mnapita hapo dereva akiwa ameshiba. Usingizi unamkuta hapo. Tairi chakavu nazo hupasukia hapo, kwa sababu lami imepata moto na mwendo umepanda. Kama kuna dereva wa pili, abadilishane na mwenzake Mombo, wasisubiri Same. Tairi ikipasuka, shemeji asikanyage breki: ashike usukani kwa mikono miwili, aachie mafuta, gari lipungue lenyewe, ndipo alitoe pembeni.

Kuhusu hizo tairi, usikubali kuambiwa "bado zina kashata", yaani bado hazijaisha meno. Piga magoti pembeni ya gurudumu, tafuta kwenye ubavu wa tairi yale maandishi yanayoanza na DOT. Mwisho wake kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Ukikuta 3518, tairi ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2018. Wakati mwingine tarakimu ziko upande wa ndani, inabidi uchungulie na tochi ya simu. Tairi iliyopita miaka sita mimi siipandi safari ndefu hata kama inang'aa, kwa sababu raba imekauka, na wauza mitumba wanajua sana kupaka dawa ya kung'arisha. Angalia na tairi la spea, maana hilo ndilo linalosahaulika mpaka siku linapohitajika nalo halina upepo. Kipimo cha upepo kiko kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Pimeni asubuhi tairi zikiwa za baridi.

Sevisi ifanyike wiki moja kabla, si jana yake. Fundi akishafungua kitu, kinahitaji siku kadhaa za mjini kuonyesha kama kimefungwa vizuri: hozi inayovuja, nati ya rimu iliyolegea, mkanda wa feni unaolia. Baada ya siku mbili tatu nati za magurudumu zikazwe tena. Kwenye rejeta weka kulanti, ile dawa ya kupozea injini, si maji ya bomba, kwa sababu maji yanachemka mapema na yanakula vyuma kwa ndani. Na mshale wa joto ukipanda njiani, simameni, zimeni gari, subirini nusu saa au zaidi. Mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi hata kwa kitambaa. Mvuke ule unababua uso.

Trafiki wako kila mahali na tochi zao za kupimia mwendo, hasa mwanzo na mwisho wa vijiji. Kosa moja ni faini ya shilingi 30,000. Watu wengi hukamatwa kwa sababu wanaongeza mwendo wanapoona nyumba zimeisha, kumbe kibao cha kufuta 50 bado kiko mbele. Asubiri kibao. Kabla ya kuondoka angalieni kwenye mfumo wa faini za trafiki kama gari halidaiwi, na leseni na bima zisiwe zinaisha wiki hiyo. Pembetatu mbili na mtungi wa kuzimia moto viwe juu ya mizigo, visiwe chini ya magunia.

Sasa mama. Akae mbele, kiti kirudishwe nyuma hadi miguu inyooke. Siti ya mwisho ya Noah inarusha na haina pa kunyoosha goti. Kila baada ya saa mbili ashuke atembee dakika kumi, hata kama anasema hajachoka. Wazee wetu hawasemi. Miguu inavimba kwa kukaa, na kukaa muda mrefu kunaweza kugandisha damu miguuni. Najua atakataa kunywa maji ili asiwasumbue na choo. Mwambie mapema kwamba choo kimepangwa: vituo vikubwa vya mafuta vina vyoo, na mkibanwa porini mnafungua mlango wa mbele na wa nyuma upande wa kichakani, mnatandaza kanga mbili kati ya milango, na kindoo kidogo chenye kifuniko kinamaliza kazi. Kama dawa yake ya presha ni ile ya kukojoza, usimwache aruke dozi kwa ajili ya safari. Muulizeni daktari wake wiki hii kama anaweza kuimeza mkishafika. Dawa zote zikae kwenye mkoba wake, si kwenye buti. Kama kuna insulini, isiachwe kwenye dashibodi hata kwa dakika za kunywa chai.

Mkimaliza Same mmebakiza kama kilomita 80 kufika Himo. Baada ya Mwanga watoto wataanza kuuliza mlima uko wapi, na saa hizo Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mara nyingi kimejifunika. Waambie kabisa kwamba mlima huonekana alfajiri na jioni, wasije wakadhani wamedanganywa. Njiapanda ya Himo mnakunja kulia, mnaingia Himo mjini, halafu kushoto kupanda Marangu. Dakika hizo za kupanda zitumieni kuwakumbusha watoto "shimbonyi", salamu ya Kichaga. Wakimwamkia babu hivyo atasahau kwamba mmechelewa.

Nyumba za wazee ziko ndani ya kihamba, shamba la migomba la ukoo, na vijia vya udongo mwekundu vikinyeshewa haviamini mtu. Kama mvua imenyesha, acheni gari barabarani na muombe vijana wabebe mizigo. Kuvuta Noah kutoka mtaroni Krismasi yote mkishuhudiwa na migomba si mapumziko.

Kwa wazee, shoga, anzeni kwa mkubwa wa ukoo hata kama nyumba yake ndiyo ya mbali. Zawadi fungasheni kwa mafungu yaliyoandikwa majina, sukari, mchele, sabuni, kitenge au blanketi, na ongezeni mafungu matatu yasiyo na jina, kwa sababu shangazi ambao hamkuwahesabu watatokea. Pesa ya mbuzi itumeni sasa hivi mwezi huu. Krismasi ikikaribia mbuzi anapanda bei kila siku ya soko, na mwenyeji hatawaambia, atakopa. Mama mkwe meno yamepungua, kwa hiyo msimpe kazi ya nyama choma: mtori wa nyama iliyochemshwa ikalainika utamfaa kuliko hata ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma. Baba mkwe kama anatumia dawa za presha au sukari, mbege, pombe yetu ya ndizi, isiwe kata baada ya kata kwa sababu tu wageni wamekuja. Mwachie shemeji amwambie, isiwe wewe.

Siku ya pili, kabla ya picha, ombeni dawa zote za wazee ziwekwe mezani. Zote, na zile za kwenye kabati na za chini ya mto. Soma tarehe ya kuisha, halafu soma yale maandishi madogo chini ya jina kubwa. Mara nyingi utakuta paketi mbili zenye majina tofauti, rangi tofauti, na chini zote zimeandikwa amlodipine, yaani ni dawa ileile moja ya presha. Moja ilitoka zahanati, nyingine duka la dawa, na mzee anameza zote akidhani ni dawa mbili. Hapo kizunguzungu kinatoka wapi si fumbo tena. Usiondoe kitu kwa uamuzi wako. Piga picha kila paketi, andika anameza ngapi na saa ngapi, mpelekeeni daktari au mfamasia. Angalia na kadi za bima ya afya zinaisha lini.

Halafu tembea kutoka kitandani kwa bibi hadi chooni usiku, bila tochi. Utajua yote: kizingiti kilichoinuka, ndoo iliyoachwa njiani, sakafu ya simenti inayoteleza. Fundi wa siku moja anaweza kuweka taa mbili na bomba la kushikia ukutani, la unene ambao kiganja kinaweza kuuzunguka. Mimi naona hiyo inazidi blanketi la tano.

Maneno ya kihamba na mirathi msiyaguse usiku wa kwanza. Hata siku ya mwisho ni mapema kama mzee hajaanza mwenyewe. Makaburi yaliyo mgombani yafagilieni asubuhi, watoto wakiwepo, na mzee akitaja nani amelala wapi, mmoja aandike.

Kutembea: maporomoko ya Kinukamori yako karibu na Marangu Mtoni, ila ngazi za kushuka zina unyevu, mama abaki juu, anayaona vizuri. Chemchemi ya Chemka, kule upande wa Boma Ng'ombe, maji ni mazuri sana, lakini njia ni vumbi na siku za sikukuu kuna watu kama mnadani. Nendeni siku ya kazi, mfike asubuhi. Ziwa Chala mwacheni mama nyumbani, kushuka kwake ni kwa magoti ya vijana.

Mkiteremka kurudi Himo, gia iwe namba mbili au L, injini ndiyo ishike gari. Asiweke nyutro eti anaokoa mafuta. Mkisikia harufu ya kuungua kwenye magurudumu, simameni breki zipoe zenyewe; ukimwagia maji diski inapinda. Acheni nafasi kwenye buti, maana mtapewa mkungu, magimbi, parachichi na pengine jogoo. Mkungu ufungwe kwa majani makavu ya mgomba, utomvu wake haufutiki kwenye kiti, na usilale pamoja na parachichi zilizoiva, vitaiva vyote kabla ya Segera.

Siku ya kurudi isiwe tarehe 2 wala 3 Januari. Ondokeni tarehe 28 Desemba, au mngoje hadi baada ya tarehe 5 kama shule ya watoto inaruhusu. Nijulishe mnachagua ipi. Kama ni 28, mtalala kwangu usiku wa 27, vitanda vipo, na mama atalala chumba cha chini kisicho na ngazi.

Wako,
Anande