Risala ya vijana wa mpira wa ndani kwa mgeni rasmi, City Heights, San Diego

Ndugu mgeni rasmi,
Mwenyekiti wa kamati ya wazazi,
Makocha wetu wa kujitolea,
Wazazi, wachezaji wenzetu, mabibi na mabwana,

Shikamooni wakubwa zetu. Kwa niaba ya vijana 23 wa kikundi chetu, tunakukaribisha. Tunajua umefunga duka siku ya Jumamosi, siku ya wateja, ukaja kukaa kwenye kiti cha kukunja kisichotulia. Ahsante sana.

Ndugu mgeni rasmi, tulipokupigia simu kukualika ulituuliza, "Mpira wa ndani? Mnachezea sebuleni, mnawavunjia mama zenu vyombo?" Tulicheka, lakini hatukukujibu vizuri. Desturi ya risala ni kueleza historia ya kikundi, na yetu haijazi hata ukurasa: miaka miwili, seti moja ya jezi, na kikombe kimoja cha plastiki ambacho mkono wake tumeugandisha kwa gundi. Kwa hiyo tumeona tukusimulie historia ya timu ya mji huu iliyotutia kwenye mchezo huu, San Diego Sockers. Bibi zetu wakilisikia jina hilo hudhani ni timu ya soksi. Ukitusikiliza mpaka mwisho utaelewa pia kwa nini tutakuomba pesa.

Kwanza mchezo wenyewe. Wamarekani walichukua uwanja wa mpira wa magongo wa barafuni, kiasi cha mita 61 kwa 26, wakautandika nyasi bandia na kuziacha zile kuta zake za mbao na plastiki ngumu ya kuonea. Kila upande una wachezaji sita pamoja na kipa. Boli halitoki, likigonga ukuta linarudi na mchezo unaendelea. Wachezaji wanabadilishana bila mwamuzi kupiga filimbi, na anayefanya rafu mbaya hupewa kadi ya bluu, akakae kibandani dakika mbili wenzake wakihangaika pungufu. Aliyecheza chandimu uchochoroni, iwe Magomeni au Bujumbura, hahitaji kufundishwa: ukuta wa jirani siku zote ulikuwa mchezaji wa ziada, na haukuwahi kukunyima pasi.

Sisi tuliushuhudia kwa macho mwaka juzi, kocha alipotupeleka kutazama mechi. Tulikaa safu ya mbele kabisa. Dakika za mwanzo tu beki mmoja alisukumwa kwenye ukuta mbele yetu, shavu lake likabandikana na ile plastiki kama chapati kwenye kikaango, jicho moja likitutazama. Akajibandua, akafuta jasho lake lililobaki pale kwa kiwiko, akakimbia. Mdogo wetu wa miaka tisa alinyamaza kitambo kizima, kisha akasema, "Mimi huu ndio mpira wangu."

Ndugu mgeni rasmi, mchezo huu ulipata umaarufu Marekani kwa sababu ya Warusi. Februari 1974 timu ya jeshi la Kisovieti kutoka Moscow ilikuja Philadelphia, ikacheza ndani ya ukumbi na Philadelphia Atoms, ikashinda 6–3. Watu zaidi ya 11,000 walikuja kutazama mpira katikati ya baridi kali. Mmoja wa walioiona biashara ndani ya usiku ule ni Ed Tepper, ambaye pamoja na Earl Foreman alianzisha ligi ya kulipwa ya mpira wa ndani, MISL, iliyoanza kuchezwa mwaka 1978.

Mwaka huohuo ndipo Sockers walipotua San Diego, ila walikuja kama timu ya uwanja wa nje, na walikuja wakiwa wamechoka na safari. Timu ilizaliwa Baltimore 1974 ikiitwa Comets. Mwaka 1976 ikahamia hapa ikaitwa Jaws, yaani mataya. Mwaka 1977 ikapelekwa Las Vegas ikaitwa Quicksilvers, na huko ikavaliwa jezi na Eusébio mwenyewe, mtoto wa Msumbiji aliyekuwa nyota wa Ureno, akiwa anamalizia soka lake. Mwaka 1978 ikarudi San Diego na jina la Sockers. Miji mitatu na majina manne ndani ya miaka minne! Hapa ukumbini wamo vijana waliopita kambi tatu za wakimbizi kabla ya kupata anwani ya kudumu, na ndiyo maana tuliposoma sehemu hii hatukuhitaji kueleweshwa.

Mwaka 1980 timu ilikabidhiwa kwa kocha Mwingereza, Ron Newman. Kwenye uwanja wa nje, kombe halikupatikana kamwe. Ndani, ilikuwa hadithi nyingine kabisa. Kuanzia msimu wa 1981–82 hadi 1991–92 Sockers walishindania makombe 11, wakachukua 10. Mengine yalikuwa ya NASL, ligi ya uwanja wa nje iliyokuwa pia na mashindano yake ya ndani, mengine ya MISL, maana mwanzoni walikuwa wakiingia huku na huku. Lililowaponyoka ni la 1986–87, likaenda Dallas. Sisi ambao wazazi wetu bado wanagombana kwa ajili ya Simba na Yanga tunajua kombe moja linavyoweza kutambiwa mwaka mzima. Hapa tunazungumzia kumi.

Lakini kilichotugusa zaidi ni watu waliokuwa ndani ya jezi zile. Juli Veee alitoroka kwao Hungary akiwa bado kijana. Uwanjani alikuwa fundi, na nje ya uwanja alikuwa mchoraji wa picha kwelikweli. Steve Zungul aliondoka Yugoslavia mwaka 1978, wakubwa wa mpira wa kwao wakamfungia asicheze mpira wa uwanja wa nje. Ligi ya ndani haikuwa chini ya mkono wao, akaingia humo. Akaipa New York Arrows makombe manne ya kwanza ya MISL mfululizo, na mpaka anaacha mpira alikuwa amefunga mabao zaidi ya 600. Waliomfungia mlango walimfungulia ukumbi. Alifika San Diego mwaka 1984, na kombe la 1985 likabaki hapahapa.

Halafu yupo Kazimierz Deyna. Huyu ndiye aliyeiongoza Poland kutwaa dhahabu ya Olimpiki Munich mwaka 1972, akiwa mfungaji bora kwa mabao 9, na kuifikisha nafasi ya tatu Kombe la Dunia 1974. Kwa wazee wetu wanaokumbuka, huyo ni mtu wa kusimamishiwa sanamu, na kwao wameshamsimamishia. Alikuja Sockers 1981 akacheza mpaka 1987. Nahodha wa taifa zima, anabadilishwa kila baada ya dakika chache, anakimbia kuruka ubao kama kijana wa majaribio. Tarehe 1 Septemba 1989 alifariki kwa ajali ya gari hapa San Diego, na ilichukua mpaka 2012 majivu yake kurudishwa kuzikwa Warsaw. Mzee mmoja wa kwetu, tulipomsimulia hayo, hakuuliza habari ya mabao. Aliuliza tu nani alilipia safari ya kumrudisha.

Ndugu mgeni rasmi, sasa tunafika kwenye pesa. NASL ilicheza msimu wake wa mwisho mwaka 1984, Sockers wakabaki na mpira wa ndani peke yake. Lakini MISL nayo ilikuwa inakula zaidi ya inachopata: mishahara mikubwa, safari za ndege nchi nzima, fedha za televisheni za kubangaiza. Timu zikawa zinakufa moja baada ya nyingine. Mwaka 1992 Sockers walinyanyua kombe lao la kumi, na miezi michache baadaye ligi yote ikafungwa. Bingwa hana mtu wa kucheza naye. Wakaingia ligi ya kiangazi, CISL, mwaka 1993, na baada ya msimu wa 1996 timu ikafunga virago. Ikafufuliwa 2001. Desemba 2004, katikati ya msimu, ikafa tena. Mashabiki walikuwa na tiketi mkononi za mechi ambazo hazikuchezwa.

Kocha wetu ana msemo wake kuhusu habari hii: kombe halilipi pango. Sisi tulifikiri ni maneno ya watu wazima, mpaka Desemba iliyopita. Tulikuwa tunakodi ukumbi mmoja mtaa wa pili, tumechelewa malipo ya wiki mbili. Tukafika Ijumaa jioni tukakuta kufuli jipya mlangoni, na mipira yetu sita tunaiona kupitia dirishani, imelala kwenye kona. Tulisimama pale na mvua inanyesha. Wiki moja kabla tulikuwa tumeshinda kile kikombe cha plastiki.

Sockers walirudi mara ya tatu mwaka 2009, kwenye ligi ndogo ya PASL, bila mbwembwe. Wakachukua ubingwa wa 2010, 2011, 2012 na 2013. Katikati ya miaka hiyo walishinda mechi 48 mfululizo. Ni mfululizo ambao hakuna timu ya kulipwa ya mpira katika nchi hii iliyowahi kuufikia kabla yao. Mwaka 2021 wakatwaa ubingwa wa MASL, ligi kuu ya sasa ya mpira wa ndani, kombe la 15 kwa hesabu ya ndani. Na kombe lenyewe la ligi hiyo linaitwa kwa jina la Ron Newman, yule kocha wao, aliyefariki 2018. Mwaka 2024 wakahamia ukumbi mpya Oceanside wenye viti 7,500 hivi, wakauacha ule wa zamani wa San Diego. Tumefurahi kwa ajili yao, ingawa kwetu ni zaidi ya kilomita 50, na tiketi ya treni haijui kwamba sisi ni mashabiki.

Ndugu mgeni rasmi, kikundi chetu kina vijana kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, na wenzetu Wazigua waliotoka Somalia, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka upande wa Tanga na ambao Kizigua chao wanakizungumza mpaka leo. Mazoezini Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, hata kama Mkongo akisema "ballon" na Mtanzania akisema "boli" wote wanakimbilia mahali pamoja.

Mahitaji yetu ni haya. Pango la ukumbi huu ni dola 85 kwa saa, nasi tunahitaji saa nne kwa wiki. Wazazi wanalipa saa mbili, mbili zilizobaki tunazitafuta. Tunahitaji glavu za makipa wawili, maana mmoja anadakia kwa glavu za bustani za baba yake. Na tunaomba, kama biashara itaruhusu, gari lako la mizigo litusaidie kubeba ubao wa ukuta tulioutengeneza wenyewe, ambao sasa tunaubeba vichwani kuvuka barabara mbili, na polisi wameshatusimamisha mara moja kutuuliza tunajenga nini.

Ukumbi tumeulipia mpaka saa kumi na moja kamili. Sasa hivi ni saa kumi na dakika ishirini, na timu zote mbili zimeshavaa. Tunaomba, baada ya risala hii, upige mpira wa kwanza. Ukikosea shabaha usiwe na wasiwasi, ukuta utakurudishia.

Tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imesomwa na katibu wa kikundi kwa niaba ya wachezaji wote.