Shifa, nisaidie na hiki kichuguu

Dada Shifa,

Salaam aleikum, habari za Jinja? Watoto wazima? Mama kikohozi kimeisha? Sisi huku Bombo wazima alhamdulillahi, kimya changu usinihesabie, ni hii ploti, na leo naandika haraka maana nakuhitaji kabla ya Jumamosi.

Mambo ya karatasi yameisha. Baba Zamu alienda ofisi ya ardhi Bukalasa wakaangalia rejista, hakuna mkopo wala kesi, sauveya, yaani mpima ardhi, akaja kufungua mipaka na mawe yote manne yakaonekana, na majina yameandikwa yote mawili, langu na lake. Hapo nilisimama imara, yaliyompata Mama Hawa unayajua.

Sasa kilichobaki ni kichuguu, na nyie chenu mlishakifukua. Unakikumbuka, ulipokuja ukakipanda kupiga picha? Kimekaa katikati kabisa ya ploti, na ploti yenyewe ni ile ya futi 50 kwa 100, kwa hiyo ukisema katikati ni palepale pa sitingirumu, yaani sebule. Baba Zamu anataka kifukuliwe, malkia wa mchwa atolewe, nyumba ikae hapo ili mbele kubaki kauwanja. Kijana mmoja akamwambia ah, unasawazisha tu juu unamwaga oili chafu, basi. Mimi nikakataa, maana bila malkia kutoka mchwa wanajenga upya, wanakula milango na mbao za paa, na ile oili inashuka kwenye maji wakati kisima cha jirani kiko hapo chini.

Alafu hata malkia akitoka, shimo je? Hilo ndilo linaninyima usingizi Shifa, yaani wanachimba mpaka kimo cha mtu, baadaye wanarudisha udongo kwa sepetu na kuukanyaga kwa miguu, msingi unapita juu yake, mvua za Machi zikija udongo unatitia na ukuta unapasuka. Fundi wa kwenu alisema lazima moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, tena kwa matabaka, kila tabaka linamwagiwa maji kidogo na kushindiliwa. Moramu ni pesa ya lori, na bado hatujanunua hata tofali.

Mimi naona nyumba isogee mbele, kichuguu kibaki nyuma. Lakini kikibaki choo kitaenda wapi, na mchwa si watatufuata tu? Kuna na jaja mmoja, mzee wa jirani, kila msimu yeye na wajukuu wanakifunika kwa matawi na blanketi wanavuna kumbikumbi, mwaka jana alituletea bakuli zima zimekaangwa na chumvi. Aliposikia tunafukua hakusema kitu, aliuliza tu, "Mtaanza lini?" Nikakosa jibu. Baba Zamu naye si mbishi, jana alizunguka pale peke yake na kamba na vigingi, akapima nyumba ikiwa mbele, akang'oa, akapima tena katikati. Nampenda sana akiwa hivyo, lakini lazima tuamue, wachimba msingi wanakuja wiki ijayo.

Jambo lingine, mwembe tumeuacha, choo cha mafundi kimeshachimbwa, na Zamu ameshajichagulia chumba kwenye nyasi, ukikanyaga anakwambia piga hodi.

Sasa niambie. Pale kwenu malkia alipatikana kwa kina gani, na alikuwa mmoja? Mlimlipa mchimbaji kwa siku au kwa kazi nzima? Ule ukuta wa upande wa jiko ulipasuka kwa sababu ya shimo au ni simenti? Moramu mliagiza lori ngapi? Na fundi wenu anaweza kupanda taksi Ijumaa alale hapa kwetu, Jumamosi asubuhi apaangalie kwa macho yake pamoja na Baba Zamu? Nauli natuma leo kwa mobail mani, nitumie tu namba yake.

Rafiki yako,
Mama Zamu