Risala ya klabu yetu ya sayansi kwa mgeni rasmi: habari za Kapteni John Young

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi mliofika, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, shikamooni!

Kwanza tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha siku ya leo salama, na pili tunakushukuru wewe mgeni rasmi kwa kukubali mwaliko wetu, maana tulivyoambiwa mgeni ni rubani mstaafu klabu nzima ilipiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akaja kuuliza kuna nini huku. Tunajua risala huwa inaanza na historia ya klabu, idadi ya wanachama, mafanikio, changamoto. Leo tukakaa tukasema huyu mgeni wetu karusha ndege maisha yake yote, basi tumsomee habari za rubani mwenzake ambaye tumekua tukimfuatilia muhula mzima, halafu maombi yetu yatakuja mwishoni kama kawaida ya risala.

Huyo rubani ni Kapteni John Young wa jeshi la majini la Marekani. Ukitaja Mwezi watu wengi wanamjua Armstrong peke yake, yule aliyeukanyaga wa kwanza, na ni haki yake kujulikana, lakini Young ndo binadamu wa tisa kukanyaga Mwezi, alienda anga za juu mara 6, akakaa kazini NASA, shirika la anga za juu la Marekani, miaka 42. Ila sisi hatujampenda kwa hizo hesabu tu. Tumempenda kwa sababu alikua mtu wa kuuliza, akiona kitu hakijakaa sawa anaandika memo anapeleka kwa wakubwa, wakikaa kimya anaandika nyingine, na hata pale ilipomgharimu cheo hakuacha.

Alizaliwa San Francisco tarehe 24 Septemba 1930, kipindi ambacho uchumi wa Marekani umeanguka vibaya sana, baba akakosa kazi, familia ikahamia Georgia halafu Orlando kule Florida, na akiwa bado mdogo kabisa mama yake akaugua ugonjwa wa akili akapelekwa hospitali. Tunalisema hili kwa heshima mgeni rasmi, kwa sababu humu ukumbini tupo tunaolelewa na bibi, shangazi, mjomba, na tulivyosoma hapo kila mtu alinyamaza kidogo. Huyu mtoto alikua anapenda kutengeneza vindege vya mbao. Akasoma uhandisi wa ndege pale chuo cha Georgia Tech, mwaka 1952 akamaliza kwa ufaulu wa juu kabisa, akaingia jeshi la majini, na kazi ya kwanza haikua hata ya ndege, alipangiwa meli ya kivita inaitwa USS Laws, akashiriki vita vya Korea akiwa ofisa wa kuelekeza mizinga. Baada ya hapo ndo akapelekwa mafunzo ya urubani, akajifunza helikopta na baadaye jeti.

Sasa hapa mgeni rasmi tunaomba tukae kidogo maana wewe utatuelewa kuliko wote. Wewe umezoea kutua kwenye lami ya kilomita mbili au zaidi, imelala pale pale ulipoiacha. Rubani wa majini anatua kwenye sitaha ya meli, meli inatembea, sitaha inapanda na kushuka na mawimbi, na ndege ina ndoano chini ya mkia ambayo lazima inase moja ya kebo za chuma zilizotandikwa kukatisha sitaha, ikinasa ndege inasimama ndani ya sekunde chache kwa mvuto unaotaka kumng'oa rubani kwenye kiti. Na kilichotushangaza ni kwamba magurudumu yakigusa tu sitaha rubani hapunguzi moto, anasukuma injini mpaka mwisho, kwa sababu kama ndoano imekosa kebo hana muda wa kufikiria, inabidi awe tayari anaruka tena la sivyo anaishia baharini. Yaani kila kutua anajiandaa kana kwamba kumeshindikana. Tunaamini tabia ya Young ilijengwa hapo hapo kwenye sitaha.

Mwaka 1959 akamaliza shule ya marubani wa majaribio wa jeshi la majini huko Patuxent River, Maryland, hao ndo wanaopewa ndege mpya kutafuta kasoro zake kabla hazijamuua mtu mwingine. Mwaka 1962 akiwa na ndege aina ya Phantom aliweka rekodi mbili za dunia za kupanda juu haraka, moja alitoka ardhini mpaka mita 3,000 ndani ya sekunde 34 na nusu hivi! Mwaka huo huo Septemba NASA ikatangaza kundi la pili la wanaanga, watu 9, yeye na Armstrong wakiwemo.

Safari yake ya kwanza ya anga za juu iliitwa Gemini 3, tarehe 23 Machi 1965, yeye na Gus Grissom, wakazunguka dunia mara tatu, na ndo mara ya kwanza wanaanga kubadilisha njia ya chombo chao wenyewe wakiwa huko juu. Watu wengi wanakumbuka zaidi kwamba Young aliingia na sandwichi ya nyama mfukoni, makombo yakaanza kuelea, wabunge wakaja juu, ila tusipoteze muda hapo. Mwaka uliofuata akaongoza Gemini 10 na Michael Collins. Mei 1969 akaenda na Apollo 10, wenzake Stafford na Cernan wakashuka na chombo kidogo cha kushukia mpaka kama kilomita 15 juu ya uso wa Mwezi kisha wakarudi, na muda wote huo yeye alibaki kwenye chombo kikuu akiuzunguka Mwezi peke yake, mtu wa kwanza kabisa kufanya hivo. Akipita upande wa nyuma redio ya kuongea na dunia inakata, hasikii mtu yeyote wa duniani.

Halafu ndo ikaja Apollo 16, Aprili 1972, Young akiwa kamanda, na Charlie Duke na Ken Mattingly. Roketi ilivyowaka mapigo ya moyo ya Duke yalifika 144 kwa dakika, ya Young yalikua 70, kama mtu aliyekaa sebuleni. Walipofika Mwezini Young na Duke wakajitenga na chombo kikuu wakiwa ndani ya Orion, chombo chao cha kushukia, tayari kushuka, ghafla Mattingly aliyebaki kwenye chombo kikuu akaona mfumo wa akiba wa kuelekeza injini ya chombo kikuu unatikisika. Ile injini ndo ya kuwarudisha nyumbani. Ikabidi waendelee kuzunguka karibu saa sita wakisubiri mafundi wa chini wapige hesabu kama ni salama, na taratibu zilisema kama haieleweki basi kushuka hakuna, ni kurudi. Wakaruhusiwa, wakatua kwenye nyanda za juu za Descartes, wakakaa pale takriban saa 71, wakatoka nje mara tatu, wakatembea na kigari kama kilomita 27 na kurudi na karibu kilo 96 za mawe na udongo. Wanasayansi walikua wanategemea mawe ya volkano sehemu ile, kumbe karibu yote yakawa mawe yaliyopondwa na kugandishwa na vimondo vilivyougonga Mwezi zamani sana, nadharia ikabidi iandikwe upya. Hapa mwalimu wetu wa jiografia alifurahi mno.

Kuna mambo mawili ya safari ile tuliyoyajadili kuliko yote. La kwanza, Young akiwa anafanya kazi, mguu ukanasa kwenye waya wa kipimo cha joto la ardhini mwa Mwezi, waya ukachomoka, kipimo kikafa pale pale. Ile suti imejaa hewa, huoni hata miguu yako. Aliomba radhi pale pale, redio iko wazi dunia nzima inasikia. Kamanda wa safari anaomba radhi kwa waya mmoja! Sisi tuliona huo ndo ukubwa.

La pili, walibeba kamera yenye darubini inayopiga picha kwa miale ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, wakaisimamisha kwenye kivuli cha Orion, Young ndo aliyekua anaielekeza, na ndo darubini ya kwanza kutumika juu ya ardhi ya Mwezi. Aliyeibuni ni George Carruthers, Mmarekani mweusi, mwanasayansi wa maabara ya utafiti ya jeshi la majini. Na huyu Carruthers darubini yake ya kwanza aliitengeneza akiwa na miaka 10 kwa bomba la kadibodi na lenzi alizoagiza kwa posta. Mgeni rasmi tunaomba ukumbuke hiyo kadibodi, tutairudia kwenye maombi.

Baada ya hapo wenzake wengi walistaafu, wengine biashara, wengine siasa. Yeye akabaki, mwaka 1974 akawa mkuu wa ofisi ya wanaanga. Tarehe 12 Aprili 1981 akiwa na miaka 50 akarusha Columbia, shato ya kwanza kabisa, yaani chombo chenye mabawa kinachopaa kama roketi na kutua kama ndege, yeye na Bob Crippen. Kabla ya hapo chombo kipya kilikua kinarushwa kwanza bila watu kujaribiwa, hiki hakikurushwa, jaribio la kwanza ndo hao hao wamekaa ndani. Walivyofika juu wakafungua milango ya mizigo wakaona vigae vya kuzuia joto vimedondoka kule nyuma. Kuna vigae zaidi ya 30,000, vile walivyoviona vilikua sehemu isiyo hatari sana, lakini vya chini ya tumbo hawakua na namna ya kuviona. Siku mbili baadaye wakaingia angahewa hivo hivo, Young akaishusha bila nguvu ya injini yoyote, kwenye ziwa lililokauka la kambi ya Edwards, California, hakuna kurudia ukikosea. Alivyoshuka alikua anazunguka chini ya chombo anarusha ngumi hewani kwa furaha, mzee mtulivu yule, ile video tumeiangalia mpaka bando likaisha.

Desemba 1983, mwishoni mwa safari yake ya sita, saa chache kabla ya kurudi kompyuta moja ikazima, dakika chache baadaye ya pili nayo. Akaahirisha kutua kama saa nane mpaka waelewe tatizo. Baadaye alisema wazi kwamba ya kwanza ilivyozima magoti yalianza kutetemeka na ya pili ilivyozima akalegea kabisa. Huyu huyu wa mapigo 70.

Tarehe 28 Januari 1986 shato nyingine, Challenger, ikapasuka angani na wanaanga 7 wakafa. Watano kati yao walikua watu wake, yeye ndo mkuu wa ofisi yao. Hapo akaandika memo kali, akaorodhesha hatari moja baada ya nyingine ambazo zingeweza kuua watu wengine, akasema ratiba imewekwa mbele ya usalama. Zile memo zikafika magazetini. Mwaka 1987 akaondolewa kwenye uongozi wa wanaanga akapewa kazi ya kumshauri mkurugenzi mambo ya uhandisi na usalama, na wengi waliona kabisa kwamba ni adhabu. Safari ya saba aliyokua amepangiwa, ya kupeleka darubini ya Hubble, ilisogezwa na hakuenda tena. Sisi hapa tulibishana sana, kuna waliosema angenyamaza angepata safari yake, lakini tulivyopiga kura wengi walisema hapana, wale saba hawana wa kuwasemea tena, nani aandike kama sio yeye? Na hiyo kazi mpya aliifanya kama alivyofanya kila kitu, akaendelea kuandika memo mpaka anastaafu mwisho wa mwaka 2004 akiwa na miaka 74. Alifariki Houston tarehe 5 Januari 2018.

Mgeni rasmi, sasa maombi yetu. Klabu inatengeneza mabawa ya ndege kwa maboksi, vijiti vya mishikaki na gundi, tunayapima mbele ya feni ya mezani ambayo tumeazima ofisini na kila ikihitajika ofisini majaribio yanasimama. Tunaomba feni yetu. Tunaomba pia lenzi za kutengenezea darubini, bomba la kadibodi tunalo tayari, hata lenzi mbili zitatosha kuanzia. Tunaomba kompyuta moja, hata iliyotumika, ya kuhifadhia vipimo vyetu maana saa hizi viko kwenye daftari lililolowa mvua ukurasa wa nyuma.

Na ombi la mwisho ni la bure. Pale nyuma ya ukumbi, meza ya kushoto, tumepanga mabawa matano. Tunaomba baada ya chakula uje uyashike, uyageuze, utuambie bila kutuonea huruma lipi haliwezi kuruka na kwa nini. Mwanafunzi mwenzetu atakua na daftari jipya, ataandika kila kasoro utakayoitaja.

Naomba kuwasilisha.