Mwanangu, hata Paulo alilia

Mwanangu mpenzi,

Juzi kwenye simu ulinyamaza kidogo, kisha ukasema, "Mama, naambiwa nifurahi katika Bwana, nami siwezi. Labda sina imani." Usiku ule sikupata usingizi. Ugonjwa wako peke yake unanitosha kulia, na sasa mtu amekutwika mzigo wa pili juu yake, tena kwa jina la Mungu.

Mstari wanaokusomea uko Wafilipi sura ya 4. Naomba uisome barua yote, ni sura 4 tu. Paulo aliiandika akiwa kifungoni. Katika sura ya 2 anasimulia jinsi mwenzake Epafrodito alivyougua karibu kufa, na anakiri kwamba Mungu alimhurumia mgonjwa yule na yeye Paulo pia, asije akawa na "huzuni juu ya huzuni". Katika sura ya 3 anataja machozi yake waziwazi. Aliyesema "furahini" ndiye huyohuyo aliyekuwa akilia sura moja nyuma. Waliokusomea wameyaruka machozi yake.

Tena kumbuka alikuwa akiwaandikia akina nani. Filipi ndiko yeye na Sila walikopigwa bakora, wakatupwa chumba cha ndani cha gereza, miguu ikakazwa kwenye mkatale. Usiku wa manane wakaomba na kuimba. Wahubiri wengi hukimbilia tetemeko la ardhi lililofuata na milango ya gereza kufunguka. Mimi hubaki pale kabla ya tetemeko. Ukisoma Matendo 16 polepole utaona kwamba mapigo yao yalioshwa baadaye, mlinzi wa gereza alipowachukua saa ile ile ya usiku. Kwa hiyo waliimba wakiwa na vidonda vibichi mgongoni. Mungu alikuwa nao gizani mle, na vidonda vilipooshwa, vilioshwa kwa mikono ya mtu.

Hilo nililijua mwaka ule baba yako alipolala kitandani. Sijapata kukusimulia. Kuna majuma nilishindwa kabisa kusali. Nikifumba macho, neno halitoki. Nilichoweza ni kumwosha miguu jioni. Ilikuwa imevimba hadi ngozi inang'aa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Nilikuwa nachanganya maji ya moto na ya baridi, nayajaribu kwa kiwiko kama nilivyofanya ulipokuwa mchanga. Jioni moja akatumbukiza miguu, akafumba macho, akasema, "Leo umeyapatia." Akacheka. Nami nikacheka, nimepiga magoti pale sakafuni, machozi yakidondokea humo humo kwenye beseni. Mwanangu, ile ilikuwa furaha. Sina jina jingine la kuipa. Na Bwana alikuwamo chumbani mle; hilo sina shaka nalo hata chembe. Baba yako hakupona, unajua. Ila jioni ile ninayo mpaka leo.

Basi usijilazimishe kutabasamu mbele ya wageni. Usipoweza kuimba, soma Zaburi ya 88. Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu na inaishia gizani, bila neno la shukrani mwishoni, na bado ni sala. Bwana wetu mwenyewe alilia akielekea kaburini kwa rafiki yake Lazaro, naye alijua anakwenda kumfufua. Hakuna aliyemwambia imani yake ni haba.

Na siku ikikujia furaha ndogo, kicheko tu au usingizi wa saa mbili bila maumivu, ipokee. Usiifukuze eti kwa kuwa bado unaumwa.

Nakuja Jumamosi. Usifagie, usipike, usihangaike na chochote. Niwekee tu beseni karibu na kitanda.

Mama yako